Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa mfuko mdogo: anzia kwenye skrini, kisha rudi nyuma

Mtu anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu huwa anaanza na swali moja: prosesa gani ni nzuri? Akijibiwa anahamia kwenye kadi ya picha, kisha ramu, na kila jibu linamletea vifupisho vitatu ambavyo hakuwahi kuvisikia. Baada ya wiki anakuwa na orodha ya vipande vinane, kila kimoja kimesifiwa na mtu wake, na jumla imeuzidi mfuko kwa nusu nzima. Anaanza kupunguza. Kinachopunguzwa kwanza karibu kila mara ni pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kwa sababu inakaa gizani na haina taa za rangi.

Prosesa nzuri kwa nani? Kipande cha kompyuta hakina uzuri wa peke yake. Kina kazi, na kazi hiyo huamuliwa na vitu viwili vilivyo mwisho kabisa wa mnyororo: skrini utakayoitazama na gemu utakazocheza. Kwa hiyo nikiombwa ushauri naulizia hivyo viwili kwanza. Kisha tunarudi nyuma kipande kwa kipande, na maswali mengi yanajijibu njiani.

Skrini na gemu

Skrini ya 1080p ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Ya 1440p ina 3,686,400. Ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Katika kila fremu, yaani kila picha moja inayopita mbele yako, kadi ya picha imelazimika kuamua upya rangi ya kila nukta. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kadi ina milisekunde 16.7 za kumaliza fremu moja. Ukitaka 144, inabaki na 6.9. Ukishayaona mambo hayo mawili kwa pamoja, nukta na muda, utaelewa kwa nini kadi ileile inatamba kwenye skrini moja na kuhema kwenye nyingine.

Kwa mfuko mdogo, skrini ni 1080p. Kwenye inchi 24 picha yake ni safi, na fremu zinapatikana bila kuuza kitanda. Anayenunua skrini ya 4K kwanza, akisema kadi atainunua baadaye, amejifunga deni ambalo kadi yake italilipa kila siku.

Gemu nazo zina tabia zake. Ziko za mashindano kama Counter-Strike 2, Valorant na League of Legends, ambazo picha zake ni nyepesi kiasi lakini mchezaji anataka fremu nyingi mno. Na ziko za dunia kubwa yenye mvua, vivuli na taa za mji, kama Cyberpunk 2077, ambapo fremu 60 thabiti tayari ni raha. Kundi la kwanza huielemea prosesa. La pili huielemea kadi.

Sababu ni mgawanyo wa kazi. Kwa kila fremu, prosesa inapiga hesabu za mchezo: adui amesogea wapi, risasi imegonga nini, gari limeteleza kiasi gani. Ikimaliza inaiandikia kadi orodha ya vitu vya kuchora, na kadi inachora. Mwenye mwendo wa pole kati ya hao wawili ndiye anayeamua idadi ya fremu, na mwenzake anakaa akimsubiri. Unaweza kuliona hili kwa macho yako: punguza resolusheni, idadi ya nukta, ndani ya gemu. Fremu zikiongezeka sana, aliyekuwa anachelewesha ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa, na kununua kadi kubwa zaidi ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Kadi ya picha, na mitego ya majina

Hapa ndipo pesa nyingi ziende. Sina kanuni takatifu, lakini nikiona bajeti ndogo ambayo kadi imepewa chini ya theluthi moja ya fedha zote za kompyuta, bila kuhesabu skrini, huwa nauliza kilichokula pesa hizo. Mara nyingi ni kasha la vioo.

Kitu cha kwanza kutazama ni kumbukumbu ya kadi yenyewe, ambayo ni tofauti na ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta nzima. Ndiyo inayobeba ngozi za wahusika, kuta, nyasi, vyote vinavyohitajika papo hapo. Ikijaa, kadi inaanza kuchota vitu kutoka kwenye ramu ya kompyuta, njia iliyo ndefu na nyembamba, na gemu linaanza kukwama kwa vipande ingawa namba ya wastani ya fremu inaonekana nzuri. Kwa gemu mpya za 1080p, GB 8 ndiyo sakafu ninayoikubali leo. GB 4 ni kwa mtu anayejua kabisa kwamba atacheza zile nyepesi tu.

Mfano wa mtego ni Radeon RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022. Kwenye karatasi ilikuwa kadi mpya ya bei nafuu. Lakini ilikuja na GB 4, na inaongea na ubao mama, ule unaochomekwa vipande vyote, kwa njia nne tu za PCIe, mfumo unaounganisha kadi na ubao, wakati kadi za hadhi ya kati huwa na nane au kumi na sita. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 njia nne zinavumilika. Kwenye ubao wa PCIe 3.0 upana unakatwa nusu, na ile kumbukumbu ndogo ikijaa hakuna pa kukimbilia. Sasa fikiria nani hununua kadi ya bei ya chini: ni yuleyule mwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0. Kadi iliundwa vibaya kwa mtu hasa aliyekusudiwa kuinunua.

Dada yake mkubwa, RX 6600, ni mnyama mwingine kabisa: GB 8, njia nane, wati 132 tu, na plagi moja ya pini 8. Ilitoka Oktoba 2021 na imeendelea kuwa kipimo changu. Ninapotajiwa kadi nyingine ya bei ndogo, mpya au ya mkononi, nauliza kama inaishinda RX 6600 kwa pesa zinazodaiwa. Nyingi hazifiki. Intel nao waliingia uwanjani. Arc B580 ya Desemba 2024 ina GB 12, lakini inataka kompyuta yenye Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, imewashwa kwenye BIOS, programu ya msingi ya ubao, vinginevyo nguvu zake zinapungua sana. Kwenye kompyuta kongwe ni afadhali uiache.

Halafu kuna majina pacha. GeForce RTX 3060 ya mwanzo ina GB 12 na kasi ya kumbukumbu ya GB 360 kwa sekunde. Baadaye ikatolewa nyingine yenye jina hilohilo, GB 8, na kasi ya GB 240. Tofauti yake si kumbukumbu pekee kama mtu angedhani. Njia ya kumbukumbu imepunguzwa kwa theluthi. Kabla yake GTX 1060 ilifanyiwa vivyo hivyo: ya GB 3 ilipunguziwa hata viini vya kuchora, kutoka 1280 hadi 1152, na jina likabaki. Kwa hiyo usisome jina pekee. Soma jina pamoja na GB, kila mara.

Kadi za mkononi ni njia halali ya kubana matumizi, na sioni aibu yoyote kuzipendekeza. Watu huogopa zile zilizochimba sarafu za kidijitali. Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi za picha uliisha Septemba 2022, mtandao ule ulipobadili mfumo wake, na kadi nyingi zikamwagika sokoni. Chipu yenyewe mara nyingi huwa nzima. Vinavyochoka ni feni, pasta ya kupitisha joto na vile vibandiko laini vinavyokaa juu ya kumbukumbu. Omba kuiona ikifanya kazi kwa dakika ishirini chini ya mzigo, si kuwaka tu. Nukta za rangi zinazorukaruka, mistari, au skrini kuzima ghafla: rudisha mkono mfukoni. Fungua pia programu ya GPU-Z uone kama chipu inalingana na jina, maana ziko kadi za kale zilizoandikwa jina jipya kwenye BIOS yake ili zijiite GTX 1050 Ti. Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ndiko huko.

Na kuna mstari mmoja ambao miaka michache nyuma haukuwapo. Baadhi ya gemu mpya zinakataa kabisa kuwaka kwenye kadi isiyo na vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 ni mojawapo, na Doom: The Dark Ages ya 2025 nyingine. RX 580 na GTX 1660, zilizowalea wachezaji wengi, haziwezi kuvuka hapo hata upunguze mipangilio yote. RX 6600 inavuka. Kama gemu zako ni za zamani, mstari huu haukuhusu.

Prosesa na ubao wake

Baada ya kadi, prosesa inakuwa swali dogo kuliko ulivyodhani. Viini 6 (sehemu zinazopiga hesabu) vyenye nyuzi 12 (foleni za kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) vinatosha: Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel. Ukibanwa zaidi, Core i3-12100F yenye viini 4 na nyuzi 8 bado inasogeza gemu nyingi vizuri. Herufi F kwa Intel maana yake ni kwamba prosesa haina sehemu ya picha. Bila kadi, skrini inabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 nayo haina.

Angalia tena majina. Ryzen 5 5500 inaonekana kama ndugu wa karibu wa 5600, tofauti ikiwa ni mia moja tu kwenye jina. Ndani yake kache ya L3, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0. Gemu hupenda kache, kwa hiyo pengo kwenye fremu ni kubwa kuliko pengo la jina.

Ambaye hana kabisa pesa ya kadi kwa sasa anaweza kuanza na prosesa yenye picha za ndani kama Ryzen 5 5600G, acheze zile nyepesi, kisha aongeze kadi baadaye. Ni mpango mzuri mradi aelewe kwamba picha hizo hukopa ramu ya kompyuta, hivyo ramu mbovu itaziua.

Ubao mama, ambao mafundi wengine huuita mazabodi, hauongezi fremu. Kazi yake ni kukubali vipande vyako na kuvilisha umeme bila kuungua. Cha kupima ni soketi, yaani tundu la prosesa. AM4, soketi ya AMD, ilianza kupokea prosesa za Ryzen mwaka 2017 na inatumia ramu ya aina ya DDR4. AM5 ya mwaka 2022 inataka DDR5 tu. Soketi ya Intel ya LGA1700 ina mbao za aina zote mbili, hivyo soma vizuri kabla ya kulipa. AM4 haitapata kizazi kipya, na watu humkatisha tamaa mnunuzi kwa hilo. Lakini soketi hiyo ina Ryzen 7 5800X3D kileleni mwake, na anayeanza na 5600 bado ana pa kupanda. AM5 ina maisha marefu zaidi mbele. Kama tofauti ya bei, ramu ikiwemo, haikulazimu kushusha daraja la kadi, ichukue. Ikikulazimu, bakia na AM4.

Jambo moja la ubao huleta machozi siku ya kuunganisha. Ubao wa B450, mmoja wa mbao za AM4, uliotoka kiwandani kabla ya Ryzen za 5000 hauzitambui mpaka BIOS yake isasishwe. Feni zinazunguka, skrini haionyeshi kitu, na mtu anadhani ameua prosesa. Muulize muuzaji toleo la BIOS, au chagua ubao wenye kitufe cha kuisasisha kwa flashi bila prosesa.

Ramu, na tundu la pili na la nne

GB 16, vijiti viwili vya GB 8. Kijiti kimoja cha GB 16 kinauzwa bei karibu ileile na kinaacha nafasi ya kuongeza, kwa hiyo kinavutia. Usikubali. Prosesa hizi zina njia mbili za kufikia ramu, na kijiti kimoja kinafunga moja. Hasara inaonekana zaidi kwenye zile sekunde ngumu, mlipuko na umati, kuliko kwenye wastani.

Ubao ukiwa na matundu manne, hesabu kutoka upande wa prosesa: vijiti viwili vinakaa la pili na la nne. Ukivipanga la kwanza na la pili, kwenye mbao nyingi umevitia vyote njia moja, ukarudi ulikotoka. Sukuma mpaka usikie mlio wa klipu. Ramu isiyoingia sawasawa ndiyo chanzo cha nusu ya simu za usiku ninazopigiwa.

Bei ya ramu hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mwishoni mwa 2025 ilipaa kwa sababu viwanda vya chipu vilikuwa vinahudumia vituo vya data vya akili bandia. Wakati kama huo vijiti vya DDR4 vya mkononi vina maana sana, kwani ramu hufa mara chache.

Kwenye hifadhi nitapita haraka. Chukua SSD, hifadhi isiyo na diski ya kuzunguka. SSD ya muunganisho wa SATA inasoma karibu MB 550 kwa sekunde, ya muunganisho wa kasi zaidi wa NVMe wa kizazi cha tatu inafika 3500, na kwenye gemu tofauti hiyo kubwa hugeuka kuwa sekunde chache za kusubiri. Nafasi ina thamani kuliko kasi, maana gemu moja kubwa hula GB 100 na zaidi. Diski ya kuzunguka iache kwa ajili ya picha za harusi.

Kibandiko cha pawa saplai

Sasa yule aliyepunguzwa kwanza. Shika pawa saplai yoyote ya bei ya kutupa, igeuze ubavu, usome jedwali dogo. Kwa herufi kubwa imeandikwa wati 500. Ndani ya jedwali tafuta safu ya +12V, kwa sababu kadi na prosesa hunywa karibu umeme wao wote hapo. Utakuta, kwa mfano, ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Zile nyingine zilizobaki wamezigawa kwenye volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya leo inazitumia kwa uchache, au zipo kwenye rangi ya kibandiko tu. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huwa na ampea karibu 40 kwenye safu hiyo.

Kompyuta ya Ryzen 5 5600 na RX 6600 haifiki wati 300 ikichezeshwa gemu, kwa hiyo huhitaji wati 750 za kujionyesha. Unahitaji 450 au 500 za kweli. Alama ya 80 Plus inapima upotevu wa umeme. Haisemi lolote kuhusu ulinzi dhidi ya shoti. Ni dalili ya kuanzia tu. Pima na uzito mkononi: nyepesi kama boksi tupu ina vichache ndani. Na pawa saplai ya bei ya kutupa ikifa, haifi peke yake. Niliwahi kuona moja ikiondoka na ubao pamoja na diski, na mwenyewe alikuwa ameokoa kiasi kisichotosha kununua hata ubao.

Kasha halihitaji mjadala: mbele kuwe na matundu, si kioo, feni mbili ziwepo, na urefu wa kadi uingie. Kipoozaji kinachokuja ndani ya boksi la 5600 au 12400F kinatosha. Ukinunua prosesa isiyo na boksi, jua kwamba kipoozaji unanunua mwenyewe.

Wengi huuliza kuhusu kompyuta za ofisi za mkononi, zile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP, ambazo unaongezea kadi tu. Inawezekana, na kwa mfuko mdogo kabisa ni njia ya busara. Lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo lake yenyewe na plagi ambazo si za kawaida, kasha jembamba linalokubali kadi fupi tu, na tundu la kadi linalotoa wati 75 bila plagi ya nyongeza. Hapo GTX 1650 fupi ndiyo inayofaa. Na kama ndani kuna Core i5-6500, yenye viini 4 na nyuzi 4, haimo kwenye orodha ya Windows 11, wakati msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant kwenye Windows 11 inadai pia TPM 2.0, kipengele cha usalama cha kompyuta. Tafuta yenye kizazi cha nane cha Intel kwenda juu.

Siku kompyuta inapowaka, usikimbilie gemu. Ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya ramu, au DOCP kama ubao umeiita hivyo, la sivyo ramu uliyoinunua kwa kasi ya 3200 itatembea kwa 2133 au 2400 maisha yake yote. Ndani ya Windows fungua mipangilio ya skrini, maana skrini ya Hz 144 (inayobadili picha mara 144 kwa sekunde) mara nyingi huanza ikiwa kwenye 60. Kisha zunguka nyuma ya kasha uone kebo ya skrini imechomekwa wapi. Iingie kwenye kadi, kule chini matundu yalikolala, isiingie kwenye ubao. Prosesa yangu ya kwanza ilikuwa na picha za ndani, kebo ilikuwa kwenye ubao, na kwa wiki mbili nilikuwa nikiilaumu kadi ambayo haikuwa imechora hata nukta moja.